Mashini Iliyosaga Bila Punje

Muzee alikuwa na tabia ya kuzima mashini yake ya kusaga katikati ya kazi. Nusu ya beseni imeshamwagwa, unga unashuka vizuri, na ghafla muzee anakata mafuta. Mashini inakohoa mara mbili tatu na kunyamaza. Anasimama hapo, nyusi zimejaa unga, kichwa amekielekeza kwenye ua wa jirani, anasikiliza. Kisha anachukua manivela, ule mkono wa chuma wa kuwashia, anaizungusha kwa mikono miwili mpaka mishipa ya shingo inamtoka, na kazi inaendelea.

Wamama wa mtaa wa Bigo hawakumwacha hivi hivi.

"Muzee, uko unasikiliza nani? Bibi mudogo?"

"Niko nasikiliza beringi."

"Beringi gani inasikilizwa wakati mashini imezimika?"

"Siku utanunua yako, mama, utaisikiliza vile unapenda."

Walicheka, wakasonya, wakasogeza mabeseni. Yeye hakucheka. Alikuwa mtu wa kujibu utani kwa uso wa msiba, na katika msiba wenyewe alikuwa mtu wa kusimama barabarani. Alikwenda kwenye kila matanga ya mtaa, bila kukosa hata moja, lakini hakupita lango. Alitoa alichokuja nacho, unga au kuni, akakaa kwenye jiwe au kwenye kiti cha motari aliyeegesha pikipiki yake, akasubiri hadi watu watoke, akarudi nao. Ukimuuliza kwa nini haingii, alisema ndani kuna joto.

Mimi nilifika Bunia juu ya lori la viazi kutoka upande wa Butembo, wakati vita ya mji ilikuwa imekwisha na watu wameanza kupaka nyumba rangi tena. Nilikusudia kukaa wiki moja. Shule niliiacha kabla ya kumaliza primeri, kwa sababu kukaa kwenye benchi lile lile kila siku kuliniwasha miguu, na tangu hapo sijakaa mahali nikatulia. Nimebeba mizigo, nimeuza makayabo, samaki wa chumvi, nimeosha mchanga wa dhahabu, nimelala katika nyumba ambazo wenyewe siwajui majina. Kitu ambacho sijawahi kukosa ni maswali. Muzee alinipa kazi ya kubeba magunia na kona ya kulala nyuma ya mashini. Wiki ile ikawa miaka, lakini miaka ya vipande: naondoka, narudi, naondoka. Kila niliporudi alisema, "Umechoka kutembea?" Nilisema hapana. Alisema, "Basi beba hii."

Nitamwita Muzee wa Mashini kama alivyoitwa na kila mtu. Kabila lake sitaliandika, wala la jirani yake. Mtu wa Bunia anajua tayari. Asiye wa Bunia, nikimwambia, atachagua upande kabla sijamaliza. Itoshe kwamba walikuwa majirani waliotenganishwa na ua mmoja, na kwamba wakati wa vita mtaa ulishikwa na vijana wa upande wa muzee.

Naandika kwa sababu ya mwanamke mmoja, Dorkasi, muuza samaki. Alihitaji maneno machache kutoka kwa muzee huyu ili aweze kumlilia baba yake. Aliyakosa kwa miaka mingi, na mimi ndiye niliyemwonyesha mahali yalipo. Nitafika kwake.

Mashini ya muzee ilikuwa na sheria. Wamama hawakupanga foleni kwa miguu, walipanga kwa mabeseni. Unaweka beseni lako nyuma ya lile la mwisho, unatia alama juu ya mahindi, kijiko au ndala au kipande cha kitenge, halafu unakwenda kuchota maji au kugombana na mtu. Hakuna aliyeruka beseni la mwenzake. Na muzee hakusaga nafaka ya mtu ambaye hayupo. Hata kama ni beseni lako peke yako limebaki, hata kama jua linazama, mahindi yako yangekungoja. Alisema zamani aliwahi kumsagia mama fulani aliyekwenda sokoni, na mama huyo akarudi akasema unga umepungua, na maneno hayo yakazunguka mtaa mzima. "Unga bila mwenyewe ni matata," alisema. Kwa hiyo alizima, akakaa, akakuna kidevu, mpaka mwenye beseni aje asimame pale mbele ya macho yake.

Alijua nyumba zote kwa unga. Alichukua kidogo kati ya vidole, akasugua, akanusa. "Muhogo hii imelala inje na umande." "Kwa kina Zawadi mumepata wageni? Juzi ilikuwa beseni ndogo." Hakuwa mbea. Aliyajua mambo ya watu na kuyaacha humo humo kwenye vidole. Alikuwa mkarimu kwa namna iliyonichanganya: wakimbizi waliokuja kutoka pande za Fataki aliwasagia bila kudai kitu, akawapa na kuni, lakini aliweza kununa miezi sita kwa sababu jirani alimrudishia chekeche lenye tundu. Alimnunia mtu huyo akiwa anamsagia. Alimwagia mahindi yake, akampa unga wake, bila kumwangalia usoni.

Kuna kisa alichopenda kukisimulia mwenyewe, na nilikisikia zaidi ya mara moja. Wakati wa vita, mwalimu mmoja wa mtaa, mwenye mke na mtoto mmoja, alianza kuleta beseni kubwa. Muzee akaona. Watu watatu hawamalizi unga ule. Akaelewa kwamba kwenye dari ya mwalimu kumefichwa watu, na akajua ni watu wa kabila gani. Siku moja vijana wenye mapanga walikuja kwenye mashini wakamsalimu kwa heshima, maana walikuwa watoto wa wateja wake.

"Papa, weye unaona unga ya batu wote. Nani hapa anakula kupita batu yake?"

"Mimi ninasaga. Sihesabu midomo."

"Kweli papa?"

"Kama munataka kuhesabu, mukae hapa, mubebe na magunia."

Wakaondoka. Watu saba wakaishi. Mmoja wao, mwanamume mwenye familia sasa, huja kila Noeli na jogoo chini ya kwapa. Muzee alipofika kwenye sehemu ya jogoo alifuta mikono kwenye suruali, akasubiri mtu aseme kitu kizuri. Mimi nilisema. Wote tulisema. Ni kweli alistahili.

Kisa cha pili hakukisimulia. Nilikipata kwa Mama Zawadi, mjane anayekaanga mandazi, ambaye nyumba yake inapakana na parsele, kiwanja, cha fundi kinga kwa upande wa pili. Fundi kinga alikuwa mtengenezaji wa baiskeli, ambazo huku huitwa kinga, ndiye jirani wa muzee, na parsele yake nilipofika Bigo ilikuwa majani tu na nguzo mbili. Nilimuuliza Mama Zawadi kwa nini hakuna aliyejenga pale. Alikuwa anakanda.

"Weye unauliza sana, kama mutu ya serikali."

"Serikali haiulizi, mama. Mimi nauliza."

Alikanda kwa muda. Kisha akaniambia, bila kuinua macho. Ilikuwa mchana, wakati wa vita. Mabeseni yalikuwa yamepangwa kwenye mashini, manne au matano, yote yamejaa, lakini wenyewe walikuwa wamekimbilia majumbani waliposikia filimbi za vijana. Vijana wakaingia kwa fundi kinga. Fundi hakupigana. Alikwenda hadi kwenye ua, akaita. "Jirani, toka tu. Toka uwaambie unanijua." Aliita mara mbili.

"Na kisha mashini ikawaka," alisema Mama Zawadi.

"Ilikuwa inasaga nini?"

"Ndiyo ile nilijiuliza nikiwa chini ya kitanda na batoto. Kama mashini iko na mahindi inaguna, sawa na mutu anakula. Kama iko tupu inapiga sauti yembamba, inaingia mu meno. Kila mama wa avenyi hii anajua ile sauti. Tukasikia, tukajua. Anasaga bure."

Nikaelewa kitu ambacho hata leo kinanikosesha usingizi. Mabeseni yamejaa mahindi pale mbele yake, angeweza kutia lolote, na mtaa ungesema muzee alikuwa kazini. Lakini wenyewe hawakuwepo. Mikono yake haikukubali kumwaga nafaka ya mtu asiyekuwepo, hata siku ile. Alivunja kitu kikubwa kwa mkono mmoja na kwa mkono mwingine akatunza sheria yake ndogo. Na sheria hiyo ndiyo iliyomfichua mbele ya wamama wote.

"Na wewe mama, ulitoka?" niliuliza.

"Nitoke niende wapi?" Akafunika unga wa mandazi kwa kitambaa. "Usinifanye nipoteze chachu."

Ningeweza kunyamaza. Mtu mwingine angenyamaza. Mimi nilikaa siku tatu, miguu ikiniwasha, na siku ya nne, tukiwa tunakaza mkanda wa mashini yeye na mimi, nikamuuliza. Hakusimamisha kazi.

"Nani alikuambia?"

"Batu."

"Batu gani? Batu walikuwa chini ya vitanda." Akakaza nati. Nilidhani yamekwisha. Baadaye, tulipokuwa tunakula bugali na sombe ya majani ya muhogo, akasema kama vile tulikuwa hatujaacha: "Ningetoka, wangeniuliza, papa, weye uko wetu ao uko wake? Mutu moja na mikono mitupu. Tungekufa wawili, na ungekuwa unalala kwa nani sasa?"

"Walikuwa wanakuita papa."

"Na yeye walikuwa wanamuita papa. Aliwatengenezea kinga zao bote."

Akamega tonge, akalirudisha kwenye sahani.

"Nisikilize, weye mwenye kutembea. Kwa mwalimu nilinyamaza, batu saba wakaishi. Kwa fundi nilinyamaza, mutu moja akakufa. Kinywa ni ile ile. Niambie, ile ya kwanza iko yangu, na ya pili haiko yangu?"

Kesho yake nilichukua mfuko wangu nikapanda gari la Mongbwalu. Njiani, nikiwa nimebanwa kati ya pipa la mafuta na mama mwenye kuku, jibu lilinijia, na hakukuwa na wa kumpa. Kwa mwalimu alinyamaza mbele ya waliouliza. Kwa fundi alinyamaza mbele ya aliyeita. Kinywa ni kimoja, lakini aliyesimama mbele yake siku zile mbili si mmoja. Nililishika jibu hilo miezi kadhaa kama mtu aliyeokota ufunguo asioujua mlango wake. Kisha likaanza kunichosha pia, maana nilipoliangalia vizuri, fundi hakuwa ameita kwa ajili ya masikio ya muzee peke yake. Ua una pande mbili. Avenyi, barabara nzima ya mtaa, ina nyumba nyingi. Niliporudi Bigo nilianza kupita nikiangalia madirisha, nikijiuliza ni kitanda gani kilikuwa na nani chini yake, na watu walinisalimu vizuri tu, na mimi nikawasalimu.

Kwenda Kasenyi ilikuwa njia yangu ya kupumzika mbali na Bunia. Unashuka ule mteremko mpaka masikio yanaziba, unakuta ziwa, mashua za Uganda, harufu ya samaki juu ya vichanja. Hapo ndipo nilipofanya kosa langu, kama ni kosa. Tulikuwa tunangoja mashua, wachukuzi na wauzaji, na kila mtu anatoa hadithi. Mimi nikatoa ya mashini. Niliitoa kama jambo la kushangaza, kwamba kuna wamama huko juu wanaoweza kujua kwa sikio kama mashini ina nafaka au haina, na kwamba mwanamume mmoja hakulijua hilo siku moja mbaya, jirani yake fundi kinga akimwita. Mwanamke aliyekuwa anageuza samaki akaacha kugeuza.

"Avenyi gani hiyo?"

Nikamwambia.

"Huyo fundi kinga, alikuwa na kidole kimekatika na cheni?"

"Sikumwona, dada. Mimi nilikuja nyuma ya vita."

"Alikuwa nayo," alisema. "Mukono wa kushoto. Ni baba yangu."

Huyo ndiye Dorkasi. Siku ile alikuwa Kasenyi kwa shangazi yake, barabara ikafungwa, na alipopanda tena akakuta nyumba haina milango na baba hayupo. Mwili haukuonekana. Mama yake alikuwa amekimbilia kwa ndugu zake na hakuona chochote. Na baba mkubwa, mkubwa wa familia, alikataa matanga. Alikuwa na sababu yake. Zamani, kabla ya vita, waliwahi kumlilia ndugu yao aliyepotea ziwani. Walinyoa vichwa, wakagawa nguo zake, mke wake akachukuliwa na mwingine. Mwaka uliofuata ndugu akarudi kutoka Uganda, mzima, na redio begani. Aibu ile ilivunja familia. Tangu hapo baba mkubwa aliapa: hatutamlilia mtu ambaye hakuna aliyeona au kusikia kifo chake. Kwa hiyo fundi kinga alibaki mtu aliyesafiri. Ndugu wengine walisema ana mke mwingine ng'ambo. Mama yake Dorkasi alifariki bila kuvaa nguo ya ujane, amezikwa kama mke wa mtu aliye njiani.

"Mama alikuwa anamuwekea sahani," Dorkasi aliniambia. "Mpaka mwisho. Mimi sitaki kitu kwa huyo muzee. Aje tu kwa baba mukubwa aseme nilisikia. Neno moja."

Alikuja Bigo wiki hiyo hiyo. Nilikuwapo. Wamama walikuwa kwenye foleni, Mama Zawadi miongoni mwao, beseni lake la pili kutoka mbele. Dorkasi alimsalimu muzee kwa heshima yote, akapiga goti kidogo, akasema yeye ni mtoto wa nani. Muzee akasema anamkumbuka, zamani alikuwa mwembamba.

"Papa, nimekuja kuuliza. Ile siku ulisikia baba?"

"Sikusikia kitu, mwana. Mashini ilikuwa inasaga."

"Ilikuwa inasaga mahindi ya nani?"

Nilimwona muzee akitafuta. Macho yake yalipita kwenye mabeseni moja baada ya jingine.

"Ya Mama Zawadi," alisema.

Tukamwangalia wote Mama Zawadi. Yeye aliangalia beseni lake, akatoa kijiko alichoweka kama alama, akakifuta, akakirudisha. Na mimi, niliyeambiwa yote na kinywa chake, nilikuwa nimeshika gunia begani. Nililitua, nikaenda kuchukua lingine.

Dorkasi hakulia wala kutukana. Alipopanda tena na samaki, baada ya wiki mbili, alikuja na beseni. Aliliweka nyuma ya lile la mwisho, akasimama kando yake. Lilikuwa tupu, limeoshwa. Foleni ikasogea, na beseni lake likasogea nayo, kwa kuwa hakuna anayeruka beseni la mwenzake. Lilipofika mbele, muzee akaangalia ndani.

"Hamuna kitu humu."

"Najua, papa. Saga."

Muzee akasimama pale kama mtu aliyepigwa na jua. Kisha akalipita, akaita mama anayefuata. Dorkasi akachukua beseni lake, akaaga, akaenda na njia yake. Alifanya hivyo kila safari, miaka na miaka. Wamama wapya wa mtaa walidhani ana ugonjwa wa kichwa. Wa zamani waliacha kuzungumza alipofika, na alipoondoka walizungumza kwa sauti kubwa kidogo kuliko kawaida, juu ya bei ya mafuta ya mawese.

Mimi sikuweza kukaa na jambo lile. Nilikwenda mbali safari ile, Mahagi, kisha Arua, kisha huko ambako sikumbuki vizuri. Niliporudi, mwaka jana, Bunia ilikuwa imejaa tena wakimbizi kutoka Djugu, kambi za maturubai pembeni ya mji, familia tatu katika parsele moja. Mashini ya muzee ilikuwa mikononi mwa mkwe wake. Muzee alikuwa amekaa kwenye mlango wa nyumba, miguu imevimba, ndevu nyeupe ambazo kwa mara ya kwanza hazikuwa unga.

"Umechoka kutembea?"

"Hapana, muzee."

"Umekuja vizuri. Kesho utanishika mukono. Tunaenda kwa baba mukubwa wa Dorkasi."

Nikafikiri uzee umemlegeza. Akaniambia mwenyewe. Majuma machache nyuma, vijana watatu wa mtaa walikuja kwenye mashini kumuuliza mkwe wake ni nyumba gani zinasaga beseni kubwa siku hizi, nani anaweka wageni. Walisema ni kwa ajili ya usalama. Mkwe akababaika. Muzee akasikia kutoka mlangoni. Akainuka na fimbo, akatoka hadi katikati ya avenyi, akapiga kelele. Aliwataja kwa majina ya mama zao. Aliwauliza mbele ya kila mtu wanatafuta nini katika sufuria za watu. Watu wakafungua milango.

"Na vijana?"

"Walisema, 'Pole papa.' Wakaenda."

"Tu?"

"Tu." Aliangalia mikono yake. "Muzee moja na kelele yake. Sikujua kama ilikuwa kitu kidogo vile."

Nilitaka kumwambia kwamba siku zile na siku hizi si sawa, kwamba labda wale wa zamani wasingesema pole. Inawezekana ni kweli. Lakini uso wake haukuwa unangoja hilo.

Baba mkubwa anakaa upande wa pili wa mji. Tulikwenda kwa pikipiki mbili, asubuhi, muzee nyuma ya motari mmoja akishikilia kofia, mimi nyuma ya mwingine. Tulipofika tukamkuta Mama Zawadi amekwisha fika, amekaa kwenye kiti kidogo alichokuja nacho kutoka nyumbani. Hakuna aliyemwita. Muzee alimwangalia, naye akarekebisha kitenge chake. Wanaume wa familia, waliotumiwa habari jana yake, walikuwa kwenye viti, wanawake, Dorkasi kati yao, kwenye mikeka kando ya jiko. Safari hii muzee alipita lango.

Baba mkubwa alikuwa mzee kumpita. Akasema, "Sema ile imekuleta."

Muzee hakukaa. Alinishika bega kwa mkono mzito, akasema maneno yake wima.

"Mimi ni jirani wa ndugu yako. Hakusafiri. Walimuulia kwake, mchana. Aliniita mara mbili, kwa jina la jirani. Nilisikia. Nikawasha mashini, hapakuwa kitu ndani. Nilipozima, walikuwa wamekwisha kumubeba. Ile nilisema kwa mutoto wake ilikuwa uongo."

Mwanamume mmoja kijana akainuka nusu, baba mkubwa akamwonyesha kiti, akakaa.

"Uliona mwili?"

"Niliona damu na alama ya vile walimuvuta. Mpaka barabarani."

"Utaapa?"

"Nimesema."

Baba mkubwa akatikisa kichwa polepole. Kisha Dorkasi, aliyekuwa kwenye mkeka, akauliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza njia.

"Papa, nyuma ya kukuita, alisema nini? Ya mwisho?"

Muzee akamgeukia.

"Sijui, mwana. Nilikuwa nimewasha."

Dorkasi akaitikia kwa kichwa. Alikuwa amengoja miaka hiyo yote, na kulikuwa na sehemu moja ambayo hata ukweli haukuwa nayo. Wanaume walianza kusogeza viti, mambo yamekwisha, na hapo Mama Zawadi akasema akiwa bado amekaa:

"Mimi nilisikia."

Aliongea akiangalia chini, kwenye vidole vyake vyenye alama za mafuta ya moto.

"Mimi niko upande ingine ya ua. Mashini haikunifunika sana. Alikuwa anaongea na jirani bado. Alisema, 'Jirani, mbuzi iko kwa kamba kule nyuma. Umufungulie.' Alisema ile tu. Umufungulie. Kisha sikusikia tena."

Muzee alikaa chini, si kwenye kiti, hapo hapo kwenye vumbi, na mimi nikavutwa nikapiga goti naye. Fundi alikuwa ameacha kuomba kuokolewa. Aliomba kitu ambacho mtu yeyote angeweza kukifanya.

Dorkasi alifunika uso na kitenge. Baba mkubwa alivua kofia yake, akaiweka juu ya goti, akawageukia wanawake.

"Bien, basi," alisema. "Sasa mulie."

Wakalia. Sijawahi kusikia kilio kinachoanza kwa ruhusa kikawa cha kweli namna ile. Kilipanda kutoka kwenye mikeka, kikawashika wanaume, kikatoka nje ya ua mpaka wapita njia wakasimama. Mama Zawadi alilia akiwa ameshika kiti chake kwa mikono miwili. Na katikati ya kilio hicho muzee alinivuta shati, akaleta mdomo karibu na sikio langu.

"Na mbuzi?" aliuliza. "Nani alimufungua mbuzi?"

Nilimsikia vizuri. Nikaelekeza macho kwa Dorkasi, nikakaza uso kama mtu ambaye kelele za msiba zimemziba masikio. Akaniuliza tena.